Kupika bia ya kimea nyumbani Malindi, na daftari lake

Maelekezo mengi ya kupika bia nyumbani yameandikwa na watu wa baridi. Wanakwambia uiweke ndoo "penye joto la kawaida la nyumba", na joto lao la kawaida ni nyuzi 20. Hapa kwangu Kisumu Ndogo, mwezi wa Machi, nyuzi 20 ziko ndani ya friji tu. Ndoo yangu ya kwanza niliisukumia nyuma ya kabati, nikaenda zangu kazini. Niliporudi kuipima ilikuwa nyuzi 33, na bia iliyotoka humo ilinukia kama tina ya kuchanganyia rangi. Shemeji yangu alionja, akaniangalia, akasema, "Hii si ya kupaka?"

Nilichofanya cha maana siku ile ni kimoja: niliiandika ile 33. Bila hiyo ningemlaumu aliyeniuzia hamira.

Mwongozo huu ni wa lita 10, kwa kimea chenyewe, si kwa ile sharubati ya kimea ya kopo. Lita 10 zinakaa kwenye sufuria moja na jiko moja, na zikiharibika hutalia sana.

Kwanza la sheria. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile watu wanayoiita ya Mututho, inataka leseni kwa anayetengeneza na anayeuza vileo. Pita ofisi ya leseni ya kaunti uulize hali yako kabla hujanunua hata mwiko. Kuuza mtaani bila leseni usithubutu, na kukeneka usiguse kabisa. Hiyo ni habari nyingine na hatari nyingine. La pili ni majirani. Mji wetu una wengi wasiokunywa, na harufu ya kimea kikichemka inavuka ua. Mimi hupika alfajiri, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, na sijawahi kugombana na mtu.

Vyombo

Sufuria ya lita 20 yenye mfuniko. Ya alumini inafaa, ila usiisugue hadi ing'ae; ule weusi wa ndani ndio unaoikinga. Jiko la gesi lenye moto mpana, lile la wapishi wa harusi. Mfuko wa kitambaa chepesi cha pazia, mpana kuliko mdomo wa sufuria. Wangu fundi cherehani aliushona kwa nusu saa, akaniuliza kama navua dagaa. Ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 15 yenye kifuniko kinachobana, itobolewe tundu moja la kupitisha mpira mwembamba wa kutolea gesi. Kipimajoto. Hidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo ndani ya maji ya kimea, na mrija wake. Mizani ya jikoni inayopima gramu, kwa sababu hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, hazipimwi kwa kiganja.

Kipimajoto ukipime kabla ya kukiamini. Malindi tuko usawa wa bahari, hivyo maji yanayochemka ni nyuzi 100, na barafu inayoyeyuka ni 0. Aliye Nairobi maji yake huchemka kwenye kama 94 au 95, kwa hiyo ukiona wapishi wa bara wanataja hesabu nyingine, si kwamba wanakosea. Changu kilikuwa kinazidisha nyuzi 2. Nimeandika "toa 2" kwa kalamu nene kwenye jalada la daftari.

Hidromita nayo ina kisa chake. Nyingi zimetengenezwa zisome sawasawa maji yakiwa nyuzi 20. Kwetu maji ya kimea yakipoa yakaacha kupoa, yamefika 30. Kwenye joto hilo hidromita husoma chini kwa nukta 2 na nusu hivi (nukta moja ni 0.001), basi ikisema 1.044 wewe ongeza, ni kama 1.046 na kitu. Watu wa Pwani wengi hudhani kimea chao ni dhaifu kumbe ni jua.

Kimea, na fukusi wake

Kwa lita 10 chukua kimea cheupe cha shayiri kilo 2.2 na kimea cha karameli gramu 200. Jumla kilo 2.4. Shayiri inalimwa hapa hapa Kenya, pande za Narok na Timau, lakini kimea cha kuuzwa kwa kilo chache hutafutwa kwa wauzaji wa Nairobi au huagizwa nje.

Unyevu wa Pwani ni adui wa kimea. Mfuko uliofunguliwa ukikaa wiki tatu jikoni, punje zinalegea kama karanga za juzi, na fukusi wanahamia. Nikishapokea mzigo naupitisha kwenye friza siku mbili, kisha nauhamishia kwenye ndoo kavu yenye kifuniko. Tafuna punje moja kabla ya kupika: ikikatika kwa mlio, sawa. Ikitafunika kama mpira, punguza matumaini.

Kusaga: kila punje ivunjike vipande vitatu au vinne na ganda libaki linaonekana. Mashine ya posho itakutolea unga na uji wako hautachujika. Kisagio cha mkono kinatosha. Nimewahi kutwanga kwenye kinu cha bibi, kidogo kidogo, na kazi ilikwenda, ila mabega yalizungumza siku mbili.

Ukitaka kuweka mtama, gramu 300 badala ya kiasi hicho cha kimea cheupe, upike kwanza uwe uji mzito. Wanga wa mtama unalainika kwenye joto kubwa kuliko la shayiri, ukiutia mbichi utabaki kama mchanga.

Maji

Hapa ndipo nilipopoteza bia nyingi, basi nivumilie.

Visima vingi karibu na bahari vina chumvi. Kipimo changu ni chai ya rangi bila sukari: ukihisi chumvi ulimini, hayo ni ya kufulia. Maji ya mvua ya masika ni laini mno, nayachanganya nusu kwa nusu na ya bomba. Lakini la bomba ndilo lililonizungusha.

Pishi langu nambari 3 lilikuwa na ladha ya plasta, ile harufu unayopata ukifungua bandeji. Nambari 4 na 5 safi. Nambari 6 plasta, 7 plasta tena. Nikabadilisha hamira. Nikatupa mpira nikanunua mwingine. Nikamshuku jirani aliyenipa chupa, maskini. Usiku mmoja umeme umekatika, nikakaa na daftari na tochi ya simu, nikasoma ule mstari wa maji tu, kurasa zote. Nambari 3: "bomba, leo." Nambari 4: "pipa, tangu juzi." Nambari 5: "pipa." Nambari 6 na 7: "bomba, yamerudi leo asubuhi."

Yalikuwa maji ya siku bomba linaporudi baada ya mgao, yenye klorini kali. Klorini ikikutana na vitu vilivyomo ndani ya kimea huzaa ile ladha ya dawa, na ulimi huinasa hata ikiwa kidogo sana. Tangu hapo maji yangu ya kupikia hulala kwenye pipa wazi siku moja na usiku wake, yamefunikwa chandarua tu kwa ajili ya mbu. Mwenye haraka ayachemshe robo saa bila mfuniko, au atumie kidonge cha metabisulfiti. Robo ya kidonge inazidi mahitaji ya lita 16.

Kama una karatasi za kupimia uchachu (pH), mchanganyiko wa kimea na maji unatakiwa uwe kati ya 5.2 na 5.6. Maji yetu magumu huuacha juu. Kijiko kimoja cha mezani cha maji ya ndimu, koroga, pima tena. Usimimine ndimu nzima kwa imani.

Daftari

Nunua daftari la shule la kurasa 96 na penseli. Penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu utaandika na vidole vimelowa. Litoboe pembeni ulitie kamba, ulitundike karibu na jiko, juu kuliko wafikiavyo watoto. La kwanza langu lilipoteza ukurasa wa nambari 2 wote. Uliendea sokoni ukiwa orodha ya nyanya na vitunguu. Sasa kila jioni ya kupika naupiga ukurasa picha kwa simu.

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika "Nilipanga", kulia "Ilivyokuwa". Upande wa kushoto unajazwa usiku wa kabla. Wa kulia unajazwa papo hapo, saa na dakika, jambo linapotokea. Usiseme utaandika baadaye: ukisubiri jioni, mkono utaandika ulichopanga. Hata aibu iandike. Nina mstari unaosema "nilisahau hopsi za mwisho, simu ya mama."

Huu hapa ukurasa wangu wa nambari 11, wa mwezi wa Julai, kama ulivyo:

Nilipanga: maji pipa lita 12 + 4. Ilivyokuwa: sawa, yamelala tangu jana.
Nilipanga: maji nyuzi 69, kimea ndani, itue 66. Ilivyokuwa: saa 12:35 asubuhi, imetua 64.5. Upepo wa kusi, mlango ulikuwa wazi.
Nilipanga: dakika 60. Ilivyokuwa: 70, mwisho 62. Aidini haikubadilika rangi.
Nilipanga: kabla ya kuchemka lita 14.3, 1.035. Ilivyokuwa: lita 14, 1.035.
Nilipanga: baada ya kuchemka lita 11, 1.046. Ilivyokuwa: lita 10.5, 1.0445 kwa nyuzi 30, sawa na 1.047. Moto ulikuwa mkubwa.
Nilipanga: hamira kwa 35. Ilivyokuwa: 36, saa 4:20.
Nilipanga: mwisho 1.011. Ilivyokuwa: 1.009, siku ya 4 na ya 6.
Ulevi: asilimia 5.0. Ladha: kavu kuliko kawaida, inashuka vizuri na samaki.

Tazama mambo yanavyoshikana. Mlango ulibaki wazi, joto likashuka hadi 64.5, sukari iliyotoka ikawa ile inayoliwa yote na hamira, na bia ikamalizia chini, ikawa kavu. Kisa kizima kimo kwenye mistari miwili, nawe huwezi kuuona uhusiano huo kwa kukumbuka tu.

Ulevi unapatikana hivi: kipimo cha mwanzo toa cha mwisho, zidisha kwa 131.25. Yaani 1.047 toa 1.009 ni 0.038, mara 131.25 ni karibu 5. Hesabu ya pili ninayoiandika ni ya kujua nimekamua kimea kiasi gani. Kilo 1 ya kimea ikitoa kila ilicho nacho hupandisha lita 1 kwa nukta kama 300. Kilo 2.4 ni 720. Nilipata lita 10.5 mara nukta 47, ni 490 na ushei. Gawa: asilimia 68. Ukijua yako inazunguka 68 au 70, pishi lijalo unapanga kilo kwa uhakika. Ikishuka ghafla hadi 58, kaangalie usagaji kwanza.

Siku yenyewe

Washa jiko kabla jua halijakaza. Pasha lita 12 hadi nyuzi 69, zima moto, tandika mfuko ndani ya sufuria kingo zikiwa nje, kisha mwaga kimea polepole huku mwenzio au mkono wako mwingine ukikoroga kwa mwiko. Mabonge yavunjwe yote. Bonge ni unga mkavu uliojificha. Pima katikati na pembeni. Ukitua 66 uko kati kwa kati. Ukitaka bia nyepesi kavu lenga 64, ukitaka nzito yenye mwili lenga 68.

Funika, uvike sufuria blanketi kuukuu, uache saa nzima. Usifunguefungue. Mwishoni chukua kijiko cha yale maji kwenye kisahani cheupe, dondosha tone la aidini ya duka la dawa. Likigeuka buluu nyeusi, wanga bado upo, subiri dakika 15. Likibaki rangi yake ya hudhurungi, wanga umekwisha kuwa sukari. Kijiko hicho kimwage, usikirudishe.

Sasa aliyewahi kukamua nazi anaijua kazi hii. Inua mfuko, uache uchuruzike, ukamue kama kifumbu: hilo ndilo tui la kwanza, zito. Weka mfuko kwenye beseni, umwagie lita 4 za maji ya nyuzi 75 hivi, ukoroge, ukamue tena: tui la pili. Yote yanaingia sufuriani. Maji ya kusuuzia yasipite nyuzi 78, maganda yatatoa ukakasi kama chai iliyochemka mno. Machicha wape kuku, au mwenye mbuzi. Wangu huja mwenyewe akisikia mlio wa mwiko. Yasilale, kufikia jioni yanachacha na nzi wa mtaa mzima wanajua.

Pima ujazo na kipimo cha sukari, andika, kisha moto juu. Karibu na kuchemka povu litapanda kama maziwa. Simama hapo. Usiende kuangalia mtoto analilia nini, muite aje. Punguza moto, koroga, povu likikatika ongeza. Kuanzia hapo ni dakika 60 bila mfuniko, maana kuna harufu ya mboga iliyopikwa ambayo lazima itoke na mvuke.

Hopsi za uchungu, gramu 10 za Magnum zenye asidi ya alfa, ile inayoleta uchungu, asilimia 12, zinaingia mwanzo wa saa hiyo. Za harufu, gramu 10 za Cascade, zikibaki dakika 5. Asilimia iko kwenye pakiti na hubadilika kila mavuno, iandike, la sivyo hutajua kwa nini pishi hili ni chungu kuliko lile. Hopsi zilizobaki zirudi friza, hewa imetolewa.

Kupoza hapa kwetu ni mtihani, maana maji ya bomba yenyewe ni ya vuguvugu. Weka sufuria iliyofunikwa kwenye beseni pana la maji, uyabadilishe mara mbili au tatu. Kwa kushuka chini ya 40 mimi huongeza barafu ya wauza samaki, ile ya vipande vikubwa. Barafu izunguke sufuria kwa nje. Ndani isiingie hata punje: imebeba kila kitu cha dari ya mashua.

Tangu moto uzimwe, kila kitakachogusa maji ya kimea kiwe kimesafishwa na kuuliwa vijidudu. Dawa ya asidi isiyosuuzwa ndiyo raha zaidi. Ukitumia dawa ya klorini ya kufulia, ile isiyo na manukato, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4, dakika 20, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa hadi harufu iishe kabisa. Ile plasta inaweza kurudi kwa njia hii pia. Na klorini usiichanganye na siki wala asidi yoyote, gesi yake inaumiza mapafu.

Mimina kwenye ndoo kwa kishindo, kutoka juu, ili hewa iingie. Mashapo ya chini, kama lita moja, yaache.

Hamira na joto letu

Mnazi hauhitaji mtu kutia hamira. Umeshushwa asubuhi mtamu, jioni mkali, maana vijidudu vyake vimo kibuyuni na hewani. Maji ya kimea yamechemshwa, yamekufa. Wewe ndiye unayechagua nani aingie kwanza, na Malindi uchaguzi huo ndio unaoamua bia.

Hamira za kawaida za eli, aina ya bia tunayoipika hapa, zinataka nyuzi 18 hadi 22. Unaweza kuzitafutia: ndoo ndani ya beseni la maji, chupa mbili za barafu asubuhi na mbili jioni, kanga iliyolowa juu yake na feni. Nimefanya hivyo wiki nzima. Unyevu wetu unaifanya kanga ipoze kidogo tu, na usiku mmoja wa kukatika umeme unatosha kuharibu kazi. Julai na Agosti, upepo wa kusi ukivuma, inawezekana. Wakati wa kaskazi usijisumbue.

Mimi nilihamia kveik. Ni hamira ya wapikaji wa mashambani wa magharibi ya Norwe, walioirithishana vizazi kwa vizazi na kuikausha kwenye pete za mti. Ajabu ni kwamba watu wa theluji ndio walioitunza hamira inayopenda joto la Malindi: ile ya Voss inafanya kazi vizuri kuanzia 30 hadi 40, na badala ya harufu ya rangi inatoa harufu ya chungwa. Itie ikiwa 35, funika ndoo kwa shuka nene isipoe usiku. Ncha ya mpira izamishwe kwenye chupa ya maji safi, gesi itoke na mende wasiingie. Kwa bia nyepesi kama hii inapenda chakula kidogo cha hamira, nusu kijiko cha chai kikichemshwa pamoja na hopsi za mwisho. Saa 5 au 6 baadaye chupa itakuwa inabubujika kama kiko.

Hamira ya mandazi? Itachacha, ndiyo. Nilijaribu, nambari 2, ule ukurasa wa nyanya. Sikumbuki mengi isipokuwa kwamba ilikuwa na ladha ya mkate mbichi, na haikutulia kamwe.

Pima siku ya 4, pima tena siku ya 6. Namba zikilingana imekwisha. Zikishuka hata nukta moja, acha. Kutulia kwa mabubujiko si ushahidi, kifuniko kisichobana kinadanganya pia.

Chupa

Chemsha sukari nyeupe gramu 65 kwa kikombe cha maji, iache ipoe, itie kwenye ndoo safi, kisha hamishia bia juu yake kwa mpira taratibu, bila kurushia hewa. Kiasi hicho ni cha lita 10 kwenye joto letu. Ukiwa na lita 9.2 pima upya, gramu 6.5 kwa kila lita. Usikadirie kwa kijiko: chupa iliyozidishiwa sukari ni bomu, tena la vioo. Tumia chupa za kahawia za bia zilizo nzima na kifungio cha vizibo, au chupa za plastiki za soda. Za maji ya kunywa ni nyembamba, hazifai. Mimi hujaza chupa moja ya soda kila pishi, hata nyingine zote zikiwa za kioo, kwa sababu ninaiminya kila asubuhi: ikiwa ngumu kama jiwe, gesi imeingia kwenye zote.

Zihifadhi ndani ya katoni lenye kifuniko, gizani, siku 7 hadi 10, kisha friji siku mbili mashapo yatulie. Kila kizibo kiandikwe nambari ya pishi kwa kalamu ya wino usiofutika. Bila nambari, daftari lote ni hadithi ya mtu mwingine.

Kuonja nako kunaandikwa: wiki ya 2, ya 4 na ya 8, chupa moja moja, kabla ya chakula chenye pilipili. Usiandike "nzuri". Andika umenusa nini, umehisi nini mwisho wa ulimi, povu limekaa muda gani. Mpe na mwingine aonje bila kumwambia kitu, andika maneno yake kama alivyoyasema. Shemeji yangu ndiye mwonjaji wangu hadi leo. Ukurasa wa nambari 11 una neno lake moja pale chini, "inanyweka", na kwa mtu yule hiyo ni sifa kubwa.

Pishi linalofuata badilisha kitu kimoja tu. Nambari 12 niliifanya kila kitu kama 11, mlango ukiwa umefungwa.